Lugha Moja kwa Magari Yote

Kona hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na madereva wenzake, kwa sababu hakuna mtu aliyezijua kona za mlima kama yeye. Mlima ule ulikuwa na kona thelathini na mbili, naye alizijua zote kwa namba, kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake.

"Ya kumi na moja ina changarawe pembeni," alikuwa akiwaambia madereva wageni. "Ya ishirini na nne inadanganya. Unadhani imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza."

Kazi yake ilikuwa kubeba saruji. Kiwanda kilikuwa juu ya mlima, mji ulikuwa chini. Kila asubuhi alipanda na lori tupu. Saa nne alikuwa njiani kuteremka, lori limejaa mifuko, gia ndogo, mguu karibu na breki. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kugusa gari la mtu.

Nyumbani kulikuwa na mke wake, Mama Pacha, na mabinti zao mapacha waliosoma darasa la sita. Mama yake Kona, ambaye wote walimwita Bibi, alikaa nao pia.

Mama Pacha alikuwa fundi wa umeme wa magari. Gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba. Ilikuwa na paa la bati, meza ndefu ya mbao, na ubao wenye misumari ya kutundikia nyaya. Wateja wapya walifika wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" Naye, akiwa ameinama ndani ya boneti, alijibu, "Unaongea na miguu yake. Subiri kichwa kinakuja."

Maisha yalikwenda hivyo. Hayakuwa ya kifahari, lakini sufuria haikukaa tupu.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mlimani, mzito kama pamba. Kona alikuwa anateremka na mzigo. Hakuwa na haraka. Alifika kona ya ishirini na nne kwa mwendo wa mtu anayetembea na yai kijikoni. Akaikata. Mbele yake, hatua chache tu, akaona mgongo wa lori jingine.

Lori hilo lilikuwa limeharibika. Dereva wake alikuwa amewasha taa za dharura. Alikuwa anarudi nyuma na pembetatu ya tahadhari mkononi, ili akaiweke barabarani. Hakuwahi kufika.

Kona alikanyaga breki. Lakini saruji haisimami kwa sababu wewe umetaka. Lori liliteleza. Kulia kulikuwa na korongo, kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima. Kona alivuta usukani kushoto. Lori likaparuza ukuta, likalala ubavu, mifuko ikapasuka, kila kitu kikawa cheupe.

Dereva wa lile lori bovu alijirusha mtaroni, akapona. Kona alivunjika mfupa wa bega.

Wiki zilizofuata alikaa nyumbani, mkono umefungwa kifuani. Maumivu aliyavumilia. Jambo lililomtafuna lilikuwa jingine.

"Nilikosea wapi?" aliuliza kila siku.

"Hukukosea," Mama Pacha alimjibu. "Hukuona."

"Dereva asiyeona ni dereva wa namna gani?"

"Hata tai haoni nyuma ya mlima, mwanangu," Bibi alisema. "Kunywa uji, unapoa."

Siku moja mwajiri wa Kona, mwenye lori, alileta kifaa kidogo cheusi, ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Alikuwa amekinunua kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Alisema kinawezesha magari kuambiana yalipo. Alitaka Mama Pacha akifunge kwenye lori mara litakapotoka kunyooshwa bodi. Mama Pacha hakukifunga upesi. Alikuwa na kifaa kingine cha aina hiyohiyo, lakini cha kampuni nyingine, ambacho mteja alikuwa amekiacha gerejini. Akaviweka vyote viwili mezani. Akaviunganisha kwenye betri. Kimoja kikawasha taa ya kijani, kingine ya buluu.

Familia nzima ikasimama kutazama.

"Haya," alisema Kona. "Vizungumze basi."

Wakasubiri. Kijani kikabaki kijani. Buluu ikabaki buluu. Mama Pacha alivisogeza karibu hadi vikagusana. Alibonyeza kitufe cha dharura kwenye kimoja. Kingine kilitulia tuli.

"Viziwi wawili mezani!" Kona alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akacheka. Kisha akashika bega. "Aa, usinichekeshe, mfupa unauma."

Mama Pacha hakucheka. Alifungua kifuniko cha kimoja, akakitazama ndani, akakuna kichwa. Akasema, "Vyote ni vizima. Sielewi."

Jumamosi hiyo jirani yao alikuja gerejini. Alikuwa mhandisi katika ofisi ya barabara, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa. Mtaa mzima ulimwita Mhandisi. Pikipiki yake ilikuwa na honi inayolia inavyotaka yenyewe.

"Dada Mhandisi," Mama Pacha alimwambia, "honi yako nitaitengeneza bure ukinieleza hiki kitendawili." Akamwonyesha vile vifaa viwili.

Mhandisi alivuta kigoda, akakaa.

"Kila kifaa kinatuma ujumbe mfupi hewani," alieleza. "Kinasema: niko hapa, naelekea huku, mwendo wangu ni huu, nimefunga breki. Kinarudia mara nyingi ndani ya sekunde moja. Gari lililo karibu likisikia, linamwonya dereva wake. Ukungu hauzuii ujumbe huo. Mlima unaweza kuuzuia kidogo, kwa hiyo kwenye kona kali tunahitaji nguzo zenye vifaa vya kupokea ujumbe na kuupitisha upande wa pili."

"Sasa mbona hawa hawasikilizani?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwa sababu kila kampuni imekifundisha kifaa chake lugha yake. Hiki kinasema kwa lugha ya kwao, kile kwa lugha ya kwao. Wageni wawili kituoni."

Kona aliinua kichwa. "Kwa hiyo yule mwenzangu angekuwa na cha kijani na mimi cha buluu, ningepata ajali vilevile?"

"Ungepata ajali vilevile."

"Basi huu ni utapeli."

"Si utapeli, ni upungufu," alisema Mhandisi. "Na kuna upungufu wa pili. Tuseme wewe peke yako una simu dunia nzima. Utampigia nani? Kifaa hiki kinafaa pale tu wengi wanapokuwa nacho. Kila mtu anamngoja mwenzake anunue kwanza. Wakingojana hivyo, hakuna atakayenunua. Hapo ndipo serikali inapohitajika."

"Itugawie vifaa?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Si lazima, Bibi. Serikali inaweza kuamua lugha moja, na kusema kifaa kisichoijua hakiuzwi. Inaweza kuanza na magari yake yenyewe, ili watakaofuata wakute wa kuzungumza naye. Nguzo za barabarani mtu binafsi hawezi kuziweka, serikali inaweza. Inaweza pia kupunguza ushuru ili bei ishuke." Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Na kwa bahati, rasimu ya kanuni za vifaa hivi imetoka. Alhamisi ijayo kuna kikao cha kukusanya maoni pale ukumbini. Kila mwananchi anaruhusiwa kusema. Kama hawezi kufika, anaandika barua."

Kona alivisukuma vile vifaa mbali naye. Sasa akasema, "Mimi sikitaki hicho kifaa."

Wote wakamgeukia.

"Kinasema niko wapi na nakwenda mwendo gani, sivyo? Basi kitanichongea. Nikizidisha mwendo kidogo, faini. Nikisimama kunywa chai, bosi anapiga simu. Miaka kumi na saba nimeendesha bila mpelelezi kwenye dashibodi."

Mhandisi aliyaandika hayo nyuma ya karatasi yake. Alipomaliza, alisema, "Shemeji, hofu yako ina msingi. Rasimu haijaligusa jambo hilo vizuri. Njoo Alhamisi uliseme. Kanuni ikiandikwa bila ninyi, itaandikwa na watu ambao hawajawahi kupanda huo mlima."

Mhandisi alipoondoka, mume na mke walibaki gerejini.

"Mama Pacha, unataka nikae na jasusi ndani ya lori?"

"Baba Pacha, nataka ukae hai."

Kona akainama. Akaokota bisibisi iliyoanguka chini, akaiweka mezani.

"Basi," akasema mwishowe, "Alhamisi mimi nitasema langu."

"Na mimi nitasema langu."

"Tutakwenda pamoja?"

"Kwani tumegombana?" Mama Pacha alijibu.

Alhamisi walikwenda pamoja, wakakaa viti vya jirani, kila mmoja na lake moyoni. Ukumbi ulijaa. Walikuwepo madereva, wenye magari, wafanyabiashara, na wauguzi wawili wa gari la wagonjwa. Mbele alikaa ofisa wa wizara, mtu mzima mwenye miwani iliyoteleza puani. Pembeni yake Mhandisi alikuwa anaandika kila linalosemwa.

Mfanyabiashara wa vifaa alisimama kwanza. "Tuacheni kila kampuni iuze chake," alisema. "Soko litachagua."

Kisha Kona akasimama, mkono kifuani. Minong'ono ikapita, kwa maana ajali yake ilikuwa inajulikana.

"Mimi ni dereva," alianza. Sauti ilimtoka ndogo, akaipandisha. "Bega hili mnaloliona ni kona ya ishirini na nne. Kwa hiyo msiniambie habari ya hatari, naijua. Lakini nawauliza. Hicho kifaa kikijua mwendo wangu, nani mwingine ataujua? Nikikifunga ili niokoke, kisha kikatumika kunitoza, mimi nitakikata waya siku hiyohiyo. Na si mimi peke yangu."

Madereva wakapiga makofi. Ofisa akasukuma miwani juu.

"Dereva, usikae kwanza," alisema. "Sheria ikikataza ujumbe huo kubeba jina lako au namba ya gari lako. Ikikataza kuutunza. Ikikataza kuutumia kwa faini au kwa kumfuatilia mfanyakazi. Utakifunga?"

Kona hakutegemea kuulizwa. Alikuja kulalamika, na sasa mtu mkubwa alikuwa anamngoja yeye aamue.

"Ikiandikwa," alisema polepole. "Isiwe ya kusemwa tu."

"Mhandisi, andika," ofisa alisema.

Ndipo Mama Pacha akainuka na kikapu chake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mbele. Akatoa betri ndogo na vile vifaa viwili. Kijani, buluu. Alimwomba ofisa abonyeze kitufe cha dharura kwa kidole chake mwenyewe. Ofisa akabonyeza. Ukumbi mzima ulisubiri. Kifaa cha pili hakikutikisika.

"Mheshimiwa," Mama Pacha alisema, "hawa wamekaa meza moja na hawajasalimiana. Mlimani, kwenye ukungu, watasalimiana vipi?"

Watu wakaangua kicheko. Mfanyabiashara alisimama. "Changu ndicho bora!" alisema.

"Inawezekana, kaka yangu," Mama Pacha alimjibu kwa heshima. "Lakini mtu anayezungumza vizuri peke yake, sisi huku mtaani tuna jina lake."

Kicheko kikazidi. Hata yule mfanyabiashara akacheka, akakaa.

"Nina jambo jingine," aliendelea Mama Pacha. "Siku kifaa kikiharibika, nani atakitengeneza? Ikiwa ni lazima kipelekwe makao makuu, dereva atakaa bila kifaa miezi. Sisi mafundi wa mitaani tupo. Mikono tunayo. Tufundisheni."

Hakupigiwa makofi mara moja. Halafu makofi yakaja, na aliyeanza alikuwa mume wake, akipiga kwa mkono mmoja kwenye paja.

Walirudi nyumbani pamoja. Walipofika karibu na duka la kona ya mtaa, Kona akasema, "Ulimweza yule ofisa."

"Na wewe ulimfanya asukume miwani juu," Mama Pacha akajibu.

Miezi ikapita. Bega la Kona likapona, akarudi kazini. Watu wakaanza kusema, "Mlidanganywa, maoni yenu yametiwa kabatini." Kona mwenyewe alianza kuamini hivyo. Hadi jioni moja Mhandisi alipokuja na kijitabu chembamba chenye jalada jeupe.

"Kanuni zimetoka," alisema. "Fungua kifungu cha kumi na mbili."

Kona aliweka kidole chini ya maneno, akasoma kwa sauti. "Ujumbe wa gari hautabeba jina la dereva wala namba ya gari. Hautatunzwa. Hautatumiwa kumtoza dereva faini wala kumfuatilia mfanyakazi."

Akasoma tena. Mara ya tatu aliwaita mapacha waje wasikie.

"Jina lako limeandikwa hapo?" Bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Jina halimo," Kona alisema. "Lakini maneno ni yangu."

"Nipe na mimi," Mama Pacha alisema. Alipekua mpaka akapata chake. Kila kifaa lazima kiielewe lugha moja iliyochaguliwa, na kipimwe kabla ya kuuzwa. Chini yake kulikuwa na kifungu kingine. Vyuo vya ufundi vitatoa mafunzo kwa mafundi wa mitaani, na wanaofaulu watapewa leseni ya kufunga na kutengeneza vifaa.

Aliketi kwenye tairi kuukuu, kijitabu mapajani. "Tufundisheni, niliwaambia," alisema taratibu. "Wamesikia."

Serikali haikumlazimisha kila mtu kwa siku moja. Ilianza na magari yake: ya wagonjwa, ya maji, na mitambo ya barabara. Ikasimamisha nguzo kwenye kona kali za mlima. Ikaondoa ushuru wa vifaa vilivyopimwa, bei ikashuka hadi hata mwenye pikapu iliyochoka akaweza kununua. Malori mazito yanayotumia mlima yalipewa mwaka mmoja kuvifunga. Yule mfanyabiashara naye alileta vifaa vipya vinavyojua lugha moja, akauza kuliko zamani.

Mama Pacha alikwenda chuoni wiki sita. Siku ya kwanza alirudi amenuna.

"Wote ni vijana," alisema. "Na hesabu zimejaa herufi."

"Nani anayeweza kujua tatizo la gari kwa kusikiliza starta tu?" Kona alimuuliza.

"Mimi."

"Basi rudi kesho. Herufi hazing'ati."

Mapacha walimsaidia hesabu, naye aliwafundisha kupima umeme wa betri. Wiki ya sita alirudi na leseni yenye mhuri. Kona aliitia kwenye fremu ya kioo, akaipigilia ukutani mwa gereji, mahali ambapo mtu anayepita barabarani angeiona hata asipotaka.

Lori la kwanza kufungwa kifaa lilikuwa la Kona. Mhandisi alikuwepo kukagua.

"Sikiliza, shemeji," alimwambia. "Hili ni sikio la ziada. Haliondoi macho yako, wala breki zako, wala akili yako. Yapo magari ambayo bado hayana. Endesha kama zamani, ila sasa unasikia mbali zaidi."

Siku za kwanza Kona alilalamika kwamba kifaa kinapiga kelele kama mke wa pili. Mama Pacha alipunguza sauti yake na kumwambia ajihadhari na mifano anayoichagua.

Kisha ikaja asubuhi nyingine ya ukungu.

Kona alikuwa anateremka na mzigo, mifuko mia sita. Alikuwa anakaribia kona ya tisa. Ya tisa si kona mbaya, hakuna anayeiogopa. Kifaa kikalia mara tatu. Sauti ikasema, "Gari limesimama mbele. Mita mia tatu."

Kona aliangalia mbele. Aliona weupe mtupu. Macho yalimwambia barabara iko wazi. Kwa miaka yote aliyaamini macho. Safari hii alitii sikio. Akashuka gia moja, akashuka nyingine, akawasha taa za dharura, akaanza kubana breki kidogo kidogo.

"Mita mia mbili."

Lori likanguruma, likapunguza.

"Mita mia moja."

Akaingia kona kwa mwendo wa kobe. Akatoka upande wa pili. Mbele yake, kwenye ukungu, taa nyekundu zilikuwa zinawakawaka. Akasimama. Kati ya lori lake na gari lile kulikuwa na nafasi ya kutosha kuegesha basi.

Lilikuwa gari la wagonjwa. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka.

Kona hakushuka mara moja. Alishika usukani, akasikiliza nyuma yake. Alikuwa anangoja kile kishindo. Lori linaweza kusimama salama, halafu likagongwa na linalofuata. Alisikia breki zikipumua. Lori la pili. La tatu. Kimya. Hakuna chuma kilichogusa chuma.

Aliposhuka, alitembea nyuma kuhesabu. Magari saba yalikuwa yamesimama kwa mstari, moja baada ya jingine, taa zote zinawakawaka. Moja lilikuwa pikapu isiyo na kifaa. Dereva wake alisema, "Mimi sikusikia chochote. Lakini niliona lori la mbele yangu linapunguza mapema na taa zimewaka, nikalifuata."

Ndani ya gari la wagonjwa kulikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa moyo, kitanda kimefungwa, muuguzi ameshika mkono wake. Hakukuwa na muda wa maneno. Mmoja alileta jeki kubwa, wawili wakatoa tairi la akiba, wengine wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kona ndiye aliyekaza nati. Ndani ya robo saa gari la wagonjwa liliondoka, king'ora kikapotea chini ya mlima.

Mchana Kona alifika nyumbani. Alikuta miguu imetokeza chini ya boneti.

"Mama Pacha, hebu toka humo."

"Nina waya mkononi."

"Uache. Toka."

Akatoka, uso una mafuta. Kona akamweleza yote, toka mlio wa kwanza hadi nati ya mwisho. Mama Pacha alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza kifundi, "Kilisema mita ngapi?"

"Mia tatu."

"Na zilikuwa mia tatu kweli?"

"Naujua mlima ule. Zilikuwa mia tatu."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Akachukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja. Ndipo machozi yakamtoka, naye hakuyaficha.

"Gari la wagonjwa," alisema, "kifaa chake nilikifunga mimi. Mwezi uliopita."

"Najua," alisema Kona. "Nilimwambia kila dereva pale."

Mwaka ulipokwisha, Mhandisi alileta habari kutoka ofisini. Kabla ya hapo, karibu kila mwezi gari lililoharibika mlimani liligongwa kwa nyuma. Mwaka huo hakuna hata moja lililogongwa. Habari zikafika kwenye barabara nyingine zenye milima. Mafundi wa huko nao walitaka kujifunza. Chuo kikatafuta mtu wa kuwafundisha kwa vitendo, kikamwandikia Mama Pacha barua.

Siku ya somo lake la kwanza Kona aliomba ruhusa kazini. Alipiga pasi shati, akavaa viatu vya sherehe. Akampeleka mke wake mpaka mlangoni mwa darasa, na badala ya kurudi akaingia, akakaa safu ya mbele.

Mafundi arobaini walikuwa mbele ya Mama Pacha. Aliwafungulia kifaa, akawaonyesha kila sehemu na kazi yake. Hakusoma kwenye karatasi. Fundi aliyekaa karibu na Kona, aliyetoka mbali, alimwinamia akanong'ona.

"Mwalimu huyu anajua. Ni mhandisi kutoka wizarani?"

"Huyo?" Kona alisema, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona hata kidogo. "Huyo ni fundi wa mtaani. Na ni mke wangu."

Darasa zima likageuka. Mama Pacha akaacha kuongea, chaki mkononi.

"Baba Pacha," alisema, "darasani hatupigi kelele."

Watu wakacheka mpaka meza zikatikisika. Kona akakunja mikono kama mwanafunzi aliyekemewa, lakini kifua kilikuwa kimejaa na uso unang'aa. Mama Pacha akageukia ubao, akamaliza kuchora, kisha akauliza nani yuko tayari kuja mbele kuunganisha waya wa kwanza.

Mafundi wakatazamana. Mkono wa dereva ulikuwa umeshainuka.